Sahani ya Kombe Niliyoitafuta Uchina

Mtaa wa Hunter,
Bellevue, Johannesburg,
Afrika Kusini.
14 Aprili 2017

Mpendwa Shangazi yangu Bi Biubwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kitandani na daftari la skuli la mwanangu Duni mapajani, maana meza imejaa mizigo na kiti kimejaa mizigo. U hali gani? Goti linaendeleaje? Na vidonge vya presha, unameza au unavificha chini ya mto kama mwaka jana? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi imeanza, Duni anakohoa kidogo lakini anacheza, na mie mwenyewe afya ninayo. Kilichoniishia ni subira.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua badala ya kupiga simu kama watu. Shangazi, wewe simu ukiipokea unaiweka sauti kubwa, unaiegemeza kwenye chupa ya chai, nyumba nzima inasikiliza na jirani naye anachangia. Haya ninayotaka kukwambia si ya nyumba nzima. Ndiyo maana nimempa Vuai, mpeleka mizigo wetu anayekuja huko nyumbani, mkononi na nimemwapisha asiitoe ila kwako, tena ukiwa peke yako. Vaa miwani, funga mlango, kaa chini.

Leo ni Ijumaa ya Pasaka ya Wakristo, maduka yamefungwa, mtaa umetulia kidogo. Clémentine yuko kanisani tangu asubuhi, na wanaimba mpaka huku nasikia. Huyo Clémentine ni jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, mwenye saluni pale Rockey Street. Ndiye yule unayemsikia akicheka nyuma yangu nikikupigia simu. Ndiye niliyekwenda naye Uchina, na ndiye aliyekaribia kunitoa roho.

Nianze mwanzo, usije ukasema sikutafuta.

Idi Kubwa iliyopita, sahani ya kombe ilivunjika mikononi mwa Zabibu, mke wa ndugu yangu Seif, mwanao, hata mwaka haujatimia tangu aingie nyumbani kwako. Wewe ulikuwa umelala na goti lako, mtoto wa watu akaona akusaidie vyombo. Alisema, na mpaka leo anasema hivyo hivyo, kwamba aliimwagia maji ya moto ikaachia yenyewe mkononi. Ukamjibu mbele ya wageni wa Idi kwamba sahani haina miguu wala akili ya kuachia yenyewe. Ukasema hiyo ni sahani ya Kichina, bibi yako alipewa na tajiri wa Kichina, na hakuna mwanamke wa nyumba hii aliyebeba mimba asiandikiwe aya kwa zafarani humo, zikaoshwa akanywa kombe lake. Ukaapa kwamba Zabibu hatakanyaga kizingiti chako mpaka ipatikane nyingine mfano wake, kutoka huko huko ilikotoka. Zabibu akarudi kwao Chumbuni. Seif analala kwako siku mbili na kule siku mbili, na kwenye picha aliyonitumia amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa.

Na sasa Zabibu ana mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza. Mwezi wa saba wa mimba, wa kunyweshwa kombe, umepita na hujampelekea. Mwanamke pekee katika ukoo huu anayeingia kuzaa mikono mitupu ni yeye, na anajua, na kila mtu anayemtembelea anamkumbusha.

Januari ukamtuma Vuai aniletee kipande kimoja cha hiyo sahani, ulichokichagua mwenyewe kwa sababu kina ua, kimezongwa pamba ndani ya kopo la mafuta ya mgando. Na maneno yako yakaja nacho: Nasra huenda Uchina kila mwaka kununua mapazia, hashindwi na sahani moja. Shangazi, Uchina si Darajani, kwamba nitazunguka mara mbili nitaona. Lakini nikasema haya. Nikakibeba hicho kipande kutoka Bellevue mpaka Guangzhou ndani ya sidiria, kwa sababu mkoba wangu siuamini na mabegi ya ndege siyaamini zaidi.

Guangzhou siku nne za mwanzo nilikuwa sokoni kwenye mapazia, sikuwa na nafasi ya kupumua. Siku ya tano tukaamka soko limefungwa. Ilikuwa sikukuu ya Wachina ya kuzuru makaburi ya wazee wao, na hakuna aliyetwambia, na Clémentine ambaye hiyo ni safari yake ya sita alikuwa anajua, akasahau. Basi mdogo wake, Jocelyne, anayesoma udaktari huko mwaka wa nne na Kichina anakiongea utadhani alikinyonya, akasema twende tukatembee mji wa zamani uitwao Zhaoqing, kwa treni si mbali, una ukuta wa kale uliouzunguka. Kale, nikajiambia. Penye vitu vya kale sahani haikosi. Hiyo ndiyo sababu iliyonitoa hotelini, si kingine.

Tulikwenda wanne. Mie, Clémentine, Jocelyne na Hénock, fundi cherehani kutoka Uvira, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya saluni ya Clémentine na alikuja kununua zipu. Mtu mzima, ana wajukuu, lakini safarini ni mtoto.

Sasa fikiria sikukuu ambayo Uchina nzima inasafiri kwenda makaburini, na wewe umeamua kwenda kutembea. Stesheni watu walijaa mpaka nikawa siioni miguu yangu. Nilikuwa nimechemsha mayai sita kwa birika la hotelini, maana huko kila kinachonukia nakitilia mashaka, na Clémentine akinihakikishia kwamba hiki si nguruwe simwamini, kwa sababu yeye angependa kiwe nguruwe. Kabla treni haijaondoka Hénock alikuwa ameshakula manne. Nilipomuuliza akaniambia, "Maman, mi nilizani ni ya wote." Ya wote, na yeye peke yake ndiye wote.

Tukafika. Mji wenyewe, Shangazi, ni mzuri, sitakunyima haki hiyo. Ukuta ni wa matofali, mnene, juu yake unaweza kutembea kama barabarani, na ndani yake mna vichochoro na nyumba za paa za vigae, wazee wamekaa milangoni na vigoda vyao. Ningekuwa sina kopo kifuani ningeufurahia. Lakini mie nilitaka maduka ya vyombo, na wenzangu walitaka ukuta. Clémentine amevaa viatu vya kisigino kirefu kupanda ukuta wa kale, kila hatua kumi anasimama. Hénock kila tofali analipiga picha, na kila picha lazima yeye awemo ndani, na anayempiga ni mie.

Halafu watu wakaanza kumshangaa Clémentine nywele. Alikuwa amesuka zile rasta za rangi ya zambarau, zimefika kiunoni. Bibi mmoja wa Kichina akamgusa, mwengine akaomba picha, ukaja ukoo mzima na babu yao kwenye kiti cha magurudumu. Mwengine angeudhika. Clémentine akafungua mkoba akaanza kugawa kadi za saluni. Kadi za Rockey Street, Shangazi, zenye namba ya simu ya Johannesburg, anawapa Wachina juu ya ukuta, na Jocelyne anamtafsiria kwamba mteja wa kwanza anapata punguzo. Nilisimama juani nusu saa nimeshika viatu vyake.

Na tulivyokuwa tunatembea wenyewe ni kichekesho. Sisi watu wa Johannesburg tuna ugonjwa ambao hatuujui mpaka tutoke. Mikoba tumeikumbatia mbele kama watoto wachanga, simu ziko kwenye soksi, Hénock anatembea upande wa nje na kila dakika anageuka nyuma, na tukisikia pikipiki sote watatu tunabana ukutani. Bi kizee mmoja alituona hivyo akatoka na maji ya moto ya kutunywesha akamwuliza Jocelyne nani kati yetu amefiwa. Nakwambia niliona haya. Lakini mkoba sikuuachia.

Nilipowalazimisha hatimaye kushuka ukutani tukaingia madukani. Maduka manane niliyahesabu. Kila duka nafungua kopo, natoa pamba, naonyesha kipande, na kila muuzaji ananiletea sahani za buluu. Buluu yenye joka, buluu yenye samaki, buluu yenye mlima. Nasema hapana, tazameni, ua hili ni jekundu, jani lake la kijani, limepigwa kama muhuri. Wanatikisa kichwa. Mmoja alikirudisha kipande kwa ncha za vidole viwili kana kwamba nimempa uchafu. Nikasema moyoni hawa vijana wa siku hizi hawajui vitu vya wazee wao. Nilikuwa na njaa, mayai mawili hayanishibishi, Clémentine anaimba, na nilikuwa najiona mie ndiye pekee mwenye akili katika mji ule wote.

Duka la nane ndilo lililotuelekeza kichochoroni kwa mzee mmoja. Clémentine akasema kichochoro kile haingii, kinafanana na kile cha nyuma ya stendi kule Joburg walikomnyang'anya cheni. Jocelyne akamwambia dada, humu kuna bibi anaanika kabichi. Tukaingia.

Mzee ana kibanda hakizidi kabati lako la vyombo. Kazi yake mbili. Mji ule unasifika kwa mawe ya kusagia wino, basi anayachonga na kuyauza, na pia anaunga vyombo vilivyovunjika, anavitoboa pembezoni na kuvibana kwa vibanio vidogo vya shaba. Miwani yake ina kioo kimoja kinene cha kukuzia. Aliponyoosha mkono achukue kopo nikalivuta nyuma, na Jocelyne akanikanyaga mguu. Nikampa.

Alikitazama kipande mbele, akakigeuza nyuma, akachovya kitambaa kwenye dawa yake akaanza kusugua. Unajua chini ya sahani ile palivyokuwa, peusi kwa zafarani na moshi wa udi wa miaka yote. Ulikuwa unatwambia tusipaguse, ni baraka. Alisugua muda mrefu, kitambaa kikawa cha kahawia. Na chini ya ile baraka yetu, Shangazi, yakatokea maandishi.

Si ya Kichina. Herufi za Kizungu, zile zile za kwenye boksi la sabuni, zimekatika nusu. Mzee akasema maneno matatu na Jocelyne akafasiri: "Anasema hii si yetu." Jocelyne akatafuta kwenye simu yake herufi zilizobaki, akapata mji unaoitwa Maastricht, uko Uholanzi, viwanda vyao zamani vilitengeneza sahani hizo kwa maelfu na kuziuza pwani zetu. Mzee alikuwa amewahi kuona moja kama hiyo, akasema ni chombo kizuri cha jikoni.

Nikakaa kwenye kizingiti. Tajiri wa Kichina, eti. Vizazi vinne tunatamba nayo, kila harusi inatolewa kabatini ionyeshwe, nimevuka nusu ya dunia na kipande kwenye sidiria, kumbe ni sahani ya Wazungu wa Uholanzi. Clémentine alicheka mpaka kisigino kikavunjika. Hénock akasema huko Uholanzi ana binamu, amuulize?

Lingekuwa hilo peke yake, Shangazi, ningekupigia simu tu, ukaiweka sauti kubwa, nyumba nzima ikacheka.

Lakini mzee alikuwa bado anasugua. Akaleta kipande karibu na taa, akanionyesha ukingo mmoja, halafu mwengine. Ukingo wa kushoto ni mweupe, safi, huo ni wa kuvunjika kwa Idi. Ukingo wa kulia una ukoko mgumu, rangi ya asali iliyoungua, umejaa mstari mzima. Akaeleza polepole, na Jocelyne akafasiri polepole, kwamba sahani hii ilivunjika mara mbili. Mara ya kwanza zamani sana, na mtu akaiunga. Akasema aliyeiunga ana mkono wa ufundi, lakini si fundi wa vyombo, maana gundi yenyewe si ya vyombo. Ikipata maji ya moto inalainika, inaachia yenyewe.

Alisema hivyo, Shangazi. Inaachia yenyewe.

Sikuhitaji kufasiriwa gundi ile ni ya nini. Nilikishika kipande nikakikwaruza kwa ukucha. Mie nimekua nimeshika kopo la gundi ile. Baba akishona viatu pale barazani, mie ndiye niliyekuwa nakoroga kwa kijiti, ilikuwa inaniganda kwenye vidole mpaka Mama ananisugua kwa mafuta ya taa. Rangi ile naijua kuliko rangi ya macho yangu. Hiyo ni gundi ya Baba, ndugu yako Ahmad, Mungu amrehemu.

Na hapo nikakumbuka kitu ambacho sijakifikiria miaka ishirini na tano. Nilikuwa darasa la nne. Sahani ilikosekana kabatini wiki nzima, ukasema iko kwa Maalim anayetuandikia kombe. Kisha Baba akaja alasiri na kitu kimefungwa kwenye gazeti, mkaingia chumbani kwako mkafunga mlango, na ulipotoka macho yako yalikuwa mekundu. Tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kuiosha sahani ila wewe, tena kwa maji ya baridi. Sisi watoto tulidhani ni heshima ya kombe. Zabibu hakuambiwa habari ya maji ya baridi, Shangazi. Angeambiwa na nani? Anayejua alikuwa mmoja.

Nilikasirika. Sitakuficha, nilikukasirikia wewe mtu mzima, shangazi yangu, uliyenilea, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mtu Uchina. Miezi saba yule msichana anaitwa mvunja sahani. Miezi saba anaulizwa alikuwa na haraka gani. Na wewe unasikia, na unajua, na unameza chai.

Clémentine alipoona sicheki akaacha kucheka. Nikawaeleza. Akakaa karibu yangu na kiatu chake kibovu akaniambia jambo ambalo ni zuri sana, na ndilo lililonisumbua zaidi. Akasema tununue sahani yoyote yenye ua jekundu, tuipake majani ya chai ikae kikale, tumpelekee mama, tumwambie tumeipata kwenye nyumba ya mfalme wa Kichina. Mama atafurahi, bibi harusi atarudi, mambo yamekwisha. "Urongo ya amani haina makosa," akasema.

Nilikaribia, wallahi. Ipo dukani kwa huyo huyo mzee, nyekundu, ukiitazama kwa mbali ungeapa. Nimeishika mkononi. Nikafikiria Zabibu anarudi, unampokea, unamwambia mbele ya watu umesamehewa. Umesamehewa nini? Atakaa nyumba ile maisha yake yote amesamehewa kosa ambalo si lake, na kila sahani mpya itakapotolewa kabatini atainamisha kichwa. Nikairudisha. Hénock, ambaye siku nzima hakunisaidia kitu, akasema kwa sauti ya chini kwamba nimefanya vizuri, akatoa mfukoni yai langu moja, kumbe yale manne hakuyala yote. Nikalila pale pale.

Kwa hiyo sahani hakuna, Shangazi. Usinitume tena. Uchina haipo, na Uholanzi siendi.

Nilichomletea Maalim Ameir ni jiwe, dogo, la kijivu, la kusagia wino, kazi ya yule mzee. Linasaga zafarani laini kama hariri, nimejaribu hapa nyumbani na Duni akajipaka uso mzima. Vuai analo kwenye begi lake, limefungwa na soksi. Mwambie Maalim asilipige chini.

Sasa nisikilize, na mie nasema kwa adabu yote iliyobaki. Mama yangu alikunywa kombe kwenye sahani ile, akanizaa mie. Ulikunywa wewe. Bibi alikunywa. Sahani ya Wazungu wasiojua hata alifu, na sote tumezaliwa; ikaungwa kwa gundi ya viatu, na bado watoto wameendelea kuzaliwa, wazima, wenye kelele. Kama ingekuwa kazi ni ya sahani tungekuwa tumeshakwisha. Maneno ni yale yale, Maalim anayo kifuani, na sahani nyeupe zipo kila duka la Darajani.

Zabibu anatazamia mwezi wa Shaaban, mwanzoni. Vuai akifika utakuwa na kama wiki mbili. Maalim amwandikie kombe kesho yake, usingojee Ijumaa. Lakini usimtume mtu alipeleke. Goti lako nalijua, na gari la kukupeleka Chumbuni Seif atalitafuta, ukimwambia tu unakwenda wapi atalitafuta akilia. Nenda mwenyewe. Na ukifika, mwambie Zabibu sahani ilikuwa imevunjika zamani. Mwambie mbele ya mama yake. Si lazima useme na nani.

Kwa maana mie sitasema. Seif sijamwambia. Hawa Wakongo wangu wanajua, lakini wako Johannesburg na Guangzhou na hakuna anayewauliza. Baba aliondoka na siri yako kaburini, hata Mama hakumwambia, na ningejua kuchonga jiwe kama yule mzee ningemwandikia hilo juu ya kaburi lake. Hakukuuliza ulikuwa na haraka gani siku ile ikakuponyoka. Alikuja na gundi yake akakusitiri, ukaendelea kuwa mkubwa wa nyumba.

Kipande nakirudisha, kimo ndani ya bahasha hii, kwenye pamba ile ile. Kitazame ukingo wa kulia. Nimeuacha na gundi yake, sikuukwaruza tena. Ni alama ya mkono wa Baba, na duniani sijui kama imebaki nyengine. Ukishakitazama, kiweke pale utakapoona panafaa.

Duni anakusalimu. Anasikia kila neno la Kiswahili lakini ananijibu Kizulu, nimemlazimisha aandike jina lake hapa chini na ameliandika kinyume. Nisalimie Mama, mwambie mapazia yake ya kijani yapo kwa Vuai. Nisalimie Maalim Ameir, na jirani yako msikiliza simu, mwambie simu imeharibika. Seif mwambie ale.

Zabibu usimsalimie kwa niaba yangu. Mpelekee za kwako kwanza.

Mungu akupe afya ya goti na ya moyo, akuweke mpaka umpakate huyo mtoto, umchoshe kwa hadithi za tajiri wa Kichina, maana hiyo hata mie sitaki ife.

Mwanao uliyemlea, anayekupenda hata leo alipokukasirikia,

Nasra